Barua ya wazi: Shimo la nguzo lisifungwe kabla ya ethi kupimwa

Kwa wakuu wa usambazaji wa umeme jijini Nairobi, Serikali ya Kaunti ya Jiji, mdhibiti wa nishati, na wakandarasi wote mnaoshika nguzo za stima.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni mafundi wa laini, wakaguzi wa nguzo na wapimaji wa ethi. Tuna ombi moja, nalo halihitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao. Shimo la nguzo kuukuu likishafunguliwa kwa ajili ya ukarabati, mti na waya wa ethi, yaani ule unaoiunganisha laini na ardhi, vikaguliwe pamoja, na kazi isitiwe sahihi mpaka fomu iwe na nambari ya ukinzani, yaani kiasi ambacho ethi huzuia mkondo kupita, iliyopimwa siku hiyo hiyo.

Kwa sasa kazi hizo mbili hutenganishwa. Kikosi cha nguzo huja kunyoosha nguzo, suala la ethi likaachiwa kikosi kingine, na mara nyingi hicho kingine hakiji. Udongo hurudishwa, lori huondoka, na ule waya unaopaswa kuteremsha umeme wa hitilafu ardhini hubaki ukining'inia ubavuni mwa nguzo, au umezikwa ukiwa umekatika. Mpita njia anaiona nguzo imesimama wima na anaridhika. Hana namna ya kujua kilichobaki chini.

Sababu ya kuziunganisha kazi hizi imo ndani ya shimo lenyewe. Nguzo ya mkaratusi haiozi sana kule juu, kwa sababu upepo na jua huikausha. Haiozi sana mguuni kabisa, kwa sababu kule chini hewa ni haba na kuvu wanahitaji hewa. Huoza kuanzia usawa wa ardhi kushuka sentimita 30 hadi 45, mahali penye unyevu na hewa kwa pamoja. Tabaka hilo hilo ndilo linalokata waya wa ethi, hasa ukiwa wa chuma kilichopakwa zinki. Kipande kimoja cha waya kiko kwenye udongo wenye hewa, kinachofuata kiko kwenye udongo usio na hewa, na tofauti hiyo huzaa mkondo mdogo unaokula metali mwaka baada ya mwaka. Juu ya ardhi waya unaonekana mzima. Ukishathibitisha hauna umeme, uvute kwa mkono wenye glavu: unatoka na ncha ya kutu iliyochongoka kama penseli, na fimbo yake, ile ya metali iliyopigwa ardhini, imebaki peke yake huko, haijaunganishwa na chochote.

Basi shimo moja linatosha kwa ukaguzi wote. Fundi aanze kwa nyundo, akigonga kuzunguka nguzo kutoka usawa wa ardhi hadi mita 2. Mti mzima hulia kwa sauti kali na nyundo huruka. Uliooza hutoa sauti nzito na nyundo hudidimia. Nyundo peke yake haitoshi, kwa sababu nguzo iliyoloa kwa mvua hudanganya sikio. Achimbe sentimita 50 kwenda chini, upande mmoja kwanza kisha wa pili, asiiache nguzo dhaifu bila udongo pande zote kwa wakati mmoja. Akwangue sehemu laini hadi afikie mti mgumu, achome kwa bisbisi, kisha apime mzingo wa kilichobaki. Baada ya hapo atoboe kwa kekee ya milimita 10 au 12, akielekeza chini kwa nyuzi 45 kuelekea kiini, na aangalie vumbi linalotoka. Vumbi kavu lenye rangi ya mti ni jema. Likitoka jeusi lenye majimaji, au kekee ikatumbukia ghafla, pana shimo ndani. Tundu lizibwe kwa kizibo cha mti uliotibiwa, kwa sababu tundu la ukaguzi lililoachwa wazi ni mlango wa mchwa na maji.

Kuoza kwa nje na kuoza kwa ndani si sawa, na hapa ndipo nguzo nyingi huhukumiwa vibaya. Chukueni nguzo yenye kipenyo cha milimita 250 kwenye usawa wa ardhi. Ikiliwa milimita 25 kuizunguka nje, inabaki na kipenyo cha milimita 200, na nguvu yake ya kustahimili kupindwa inashuka hadi asilimia 51, kwa kuwa nguvu hiyo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Nguzo hiyo hiyo ikiwa na uwazi wa milimita 125 katikati kabisa ya kiini, huku ganda la nje likiwa zima, imepoteza takriban asilimia 6 tu. Kwa hiyo nguzo yenye uwazi ndani yaweza kufaa kuokolewa, ilhali ile inayoonekana imara juu lakini imemenyeka shingoni mwake chini ya udongo iko karibu kuanguka. Kanuni ya usalama wa umeme ya Marekani, NESC, huagiza nguzo ibadilishwe au iimarishwe nguvu zake zikishuka hadi theluthi mbili ya zinazohitajika. Kwa nguzo ya mfano wetu, iliyosimikwa bila ziada ya nguvu, mpaka huo unafikiwa kwa kuoza milimita 16 kuizunguka nje. Hizo haziwezi kuonekana kutoka ndani ya gari.

Nguzo ikiwa juu ya mpaka huo, matibabu yatafaa. Mti laini ukwanguliwe, sehemu iliyochimbwa ipakwe dawa ya shaba au borati, ifungwe kwa bandeji isiyopitisha maji, na vijiti vya borati viingizwe kwenye matundu yaliyotobolewa kwa mshazari kuizunguka nguzo. Borati huyeyuka kwa unyevu ule ule unaolea kuvu, ikasambaa hadi kwenye kiini. Hili ni muhimu kwa sababu dawa ya kiwandani, ile ya shaba, kromi na aseniki inayoipa nguzo rangi ya kijani, huingia kwenye mti wa nje tu. Kiini cha mkaratusi huikataa.

Nguzo ikiwa chini ya mpaka huo lakini mti wake wa juu ni mzima, iimarishwe kwa bamba la chuma lililopigwa ardhini kandokando yake na kufungwa kwa mikanda ya chuma kilichopakwa zinki juu ya sehemu iliyooza. Katika kazi hiyo waya wa ethi usibanwe chini ya mikanda. Utolewe kwanza, bamba lifungwe, kisha urudishwe juu yake ukionekana wote. Mkanda ukikazwa juu ya waya huukata polepole, na hakuna atakayeuona tena.

Kuna njia mbili za mkato tunazoomba zipigwe marufuku. Ya kwanza ni kuimwagia zege shingo ya nguzo ya mbao. Zege husinyaa, mti nao husinyaa, ufa unabaki kati yao, na maji ya mvua yanaingia humo yasipate pa kutokea. Mti unaozea ndani ya kikombe ambacho mkaguzi hawezi kukichimba, na kama ethi ilipita hapo, nayo imefungiwa humo. Ya pili ni kukata mguu uliooza na kuisimika upya nguzo fupi. Kanuni ya kina inayotumika sana ni asilimia 10 ya urefu wa nguzo kuongeza mita 0.6. Nguzo ya mita 10 huingia ardhini mita 1.6 na kubaki mita 8.4 juu. Ikikatwa mita 1.2 inakuwa ya mita 8.8, inahitaji kuingia karibu mita 1.5, na waya umeshuka zaidi ya mita moja, juu ya barabara ile ile yenye malori yale yale. Isitoshe, pale ilipokatwa ni kiini kitupu kisicho na dawa, na hicho ndicho kinachozikwa.

Udongo wa kurudishia nao una neno lake. Upande wa Embakasi, South C na sehemu kubwa ya mashariki mwa jiji kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nguzo iliyoshindiliwa kwa udongo huo itainama tena. Udongo mweusi utolewe, shimo lijazwe maramu na kokoto kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kwa mtaimbo wenye kichwa bapa kabla ya linalofuata, na mwisho udongo uinuliwe kidogo kuizunguka nguzo ili maji yaitoroke.

Sasa ethi. Wengi huamini kwamba waya wenye umeme ukigusa kitu kilichounganishwa na ardhi, fyuzi itakatika. Fanyeni hesabu. Waya wa volti 240 ukigusa chuma chenye fimbo ya ethi ya omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani), mkondo utakaopita ni ampea 12. Fyuzi ya ampea 100 kwenye transfoma itaubeba mkondo huo usiku kucha. Kile chuma kitabaki na umeme wa kuua mpaka mtu aje kukigusa, na swichi za kinga za nyumbani huwekwa zikate mkondo wa kuvuja ukifika ampea 0.03, jambo linaloonyesha jinsi mwili unavyohitaji kidogo. Kinachokata fyuzi ni njia ya metali ya kurudi transfoma, yaani nyutro iliyoungwa vizuri. Kazi ya ethi ni kuishikilia nyutro karibu na volti sifuri na kuipa radi mahali pa kwenda. Kwa hiyo vipimo viwe viwili: kimoja cha kuthibitisha kwamba waya ni mmoja bila kukatika kutoka kwenye kibano cha nyutro juu hadi kwenye fimbo chini, na cha pili cha ukinzani wa fimbo na ardhi. Kipimo cha fimbo pekee, huku kibano cha juu kimelegea, ni kipimo cha kitu kisichofanya kazi.

Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, nyumba zilizo mbele ya mkato hujikuta zimeungwa kati ya fezi na fezi. Fezi yenye mzigo mdogo hupanda kuelekea volti 415, na friji na televisheni zinaungua mtaa mzima kwa dakika moja. Ethi za njiani na za mwisho wa laini hupunguza madhara hayo, ingawa haziyaondoi. Mtaa usio na hata moja iliyo hai hauna kinga yoyote.

Kuhusu fimbo, tunaona fedha zikitumika mahali pasipofaa. Fimbo ya mita 1.5 yenye unene wa milimita 16, kwenye udongo wenye ukinzani wa omu-mita 50 (kipimo cha jinsi udongo wenyewe unavyozuia umeme), itatoa kama omu 30. Ukiongeza unene wake mara mbili unapata kama omu 26, faida ndogo kwa shaba nyingi. Ukiongeza urefu mara mbili, yaani mita 3, unashuka hadi kama omu 17. Urefu ndio unaolipa. Fimbo mbili za mita 1.5 zilizoungwa pamoja hutoa karibu faida hiyo hiyo, mradi ziwe mbali angalau mita 3, kwa kuwa zikikaribiana hugombea udongo ule ule. Lengo linalotumika sana kwa ethi ya nyutro na ya aresta za radi, yaani vifaa vinavyoielekeza radi ardhini, ni omu 10 au chini, kwa hiyo ile fimbo moja fupi inayopigwa kwa mazoea mara nyingi haifiki.

Nairobi ina tatizo lake la pekee hapa. Upande wa Dagoretti, Kangemi na Kileleshwa udongo mwekundu ni mzito na fimbo ndefu huingia. Kwenye udongo mweusi wa mashariki, mwamba wa volkeno mara nyingi uko karibu, na fimbo hugonga jiwe kabla ya kuisha. Kinachofanyika ni kuikata fimbo, kuacha kipande juu na kukifunika. Fimbo iliyokatwa isihesabiwe kuwa ethi. Pachimbwe mfereji wa kina cha sentimita 70, ulazwe humo waya mtupu wa mita 20, na ufukiwe kwa udongo laini usio na mawe. Kwenye udongo wa omu-mita 100 waya huo hutoa kama omu 8. Pale pasipo na nafasi ya mita 20, mifereji miwili mifupi inayoelekea pande tofauti itasaidia.

Mkaa na chumvi vinavyozungushiwa fimbo tunaomba viachwe. Chumvi hushusha ukinzani kweli, na ndiyo maana mkandarasi huipenda siku ya kupimwa, lakini mvua huiosha na inapoondoka imeshaanza kuila fimbo. Bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, hufanya kazi kwa njia nyingine. Huvimba, hushika maji na kukumbatia metali bila kuila. Udongo mweusi wenyewe ukiloa hupitisha umeme vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba mwezi wa Februari hupasuka na kujitenga na fimbo, na mwanya huo wa hewa hupandisha ukinzani mara nyingi zaidi ya ule uliopimwa wakati wa mvua. Kipimo cha Mei kwa hiyo ni kipimo cha kujifurahisha. Vipimo vya kila mwaka vifanywe mwishoni mwa kiangazi, Februari hadi mwanzo wa Machi, ethi ikiwa katika hali yake mbaya kuliko zote.

Namna ya kupima iandikwe wazi kwenye maagizo ya kazi, kwa sababu nambari iliyopatikana vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na nambari. Kwa kipimo cha vijiti vitatu, kijiti cha mkondo kiwekwe angalau mita 30 kutoka kwenye fimbo, na cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 18.6. Kisha cha volti kisogezwe mita 3 mbele na mita 3 nyuma. Nambari zikikubaliana, kipimo ni cha kweli. Zikitofautiana sana, kijiti cha mkondo kiko karibu mno, kisogezwe mbali zaidi. Mita ya kubana waya ni nyepesi na haihitaji kutenganisha kitu, lakini hufaa pale tu penye ethi nyingine nyingi zilizoungwa kwenye nyutro hiyo. Ikitoa chini ya omu 1 kwenye fimbo moja fupi, usishangilie, maana huenda unapima mzunguko wa chuma na chuma, ardhi haimo. Na kamwe waya wa ethi usifunguliwe laini ikiwa na umeme. Ukiwa umebeba mkondo wa nyutro, ncha mbili za pale ulipofungua zitakuwa na volti kati yao, na mikono miwili ya fundi ndiyo itakayoziunganisha. Kwanza pima mkondo kwa mita ya kubana, kisha laini izimwe.

Viungo navyo. Kufunga waya kwa kuuzungusha kwenye fimbo si kiungo. Kitumike kibano cha shaba nyeusi kilichokazwa, au kiungo cha kubinywa, au kulehemu kwa unga wa joto. Nyutro zetu nyingi ni za alumini, na shaba ikiigusa alumini moja kwa moja penye maji, alumini inaliwa. Kiwekwe kibano cha metali mbili chenye grisi yake, na shaba ikae chini ya alumini, kwa sababu maji yaliyopita kwenye shaba yakidondokea alumini huitoboa. Kwenye aresta ya radi waya uwe mfupi na ulionyooka. Tunaona mafundi wakikunja waya uliozidi kuwa duara zuri na kuufunga kwenye nguzo. Kwa radi duara hilo ni kizuizi, na volti zinazopaswa kwenda ardhini hurudi kwenye transfoma. Waya uliozidi ukatwe.

Nguzo ya transfoma isikarabatiwe na kikosi kisichojua michoro yake. Pale penye ethi mbili, moja ya tangi na aresta upande wa volti 11,000, nyingine ya nyutro upande wa volti 240, ziachwe mbili na ziwe mbali. Hitilafu ya upande wa juu ikipeleka ampea 200 kwenye ethi ya omu 10, ethi hiyo hupanda hadi volti 2,000. Fundi akiziunga pamoja ili kuokoa fimbo moja, volti hizo zinaingia kwenye nyutro ya kila nyumba.

Wizi wa shaba tunaujua, na hatuwezi kuandika juu ya ethi za Nairobi tukaupita. Januari 2022, baada ya minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka pale Imara Daima na nchi kuzimika, Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Zuio liliondolewa, na waya wa ethi ukabaki ule ule: shaba tupu, mbele ya macho, kimo cha mkono. Utumike waya wa chuma uliovikwa shaba, ambao muuza chakavu hauthamini kwa kuwa metali hizo mbili ni ngumu kutenganisha. Ufunikwe kwa bomba la plastiki kutoka sentimita 50 chini ya ardhi hadi mita 2.5 juu, na uzikwe ukielekea pembeni badala ya kushuka wima ili usivutike kirahisi. Bomba la chuma lisitumike isipokuwa liungwe na waya huo juu na chini, la sivyo hukaba mkondo wa radi.

Nyaya za stei, zile zinazoishikilia nguzo isiiname, nazo ni za chuma, na zinashuka hadi pale watoto wanapocheza. Kila stei iwe na kihami cha kauri kisichopungua mita 3 kutoka ardhini, ili waya wenye umeme ukiangukia sehemu ya juu, ya chini ibaki salama. Ukarabati wa nguzo hukata stei na kuiunga upya, na kihami ndicho kinachosahaulika. Wananchi nao tunawasihi wasifunge kamba za nguo wala mbuzi kwenye stei, hata yenye kihami.

Kwa Kaunti: Katiba ya 2010 imewapa taa za barabarani, na nguzo nyingi za taa hizo ni za chuma. Hatari yake iko kwenye kidirisha cha chini. Kifuniko kikiibiwa, maji huingia, kebo husuguliwa na ukingo wa chuma, na nguzo nzima inakuwa fezi. Ndani ya kidirisha hicho kuna bolti ya ethi. Ikaguliwe kila taa inapobadilishwa, na kebo iwekewe swichi ya kinga inayokata kwa mkondo mdogo wa kuvuja, kwa sababu fyuzi peke yake, kama hesabu ya juu ilivyoonyesha, haitoshi. Wanaotandaza kabro nao waamriwe kuacha kifuniko kinachofunguka juu ya kila fimbo ya ethi. Fimbo iliyo chini ya kabro haitapimwa tena milele. Na wanaochimba mitaro ya barabara wakichota nusu mita ya udongo kwenye mguu wa nguzo ya mita 10, wameiacha na mita 1.1 tu ardhini.

Kampuni za intaneti hupandisha kebo kwenye nguzo hizi hizi, na kebo kumi zilizovutwa upande mmoja huongeza mzigo ambao nguzo haikupimiwa. Kila tundu la ndoano yao linafikia kiini kisicho na dawa. Wapewe kibali kwa nguzo moja moja, baada ya ukaguzi wa shingo yake, na ndoano ziwe za mkanda.

Kwa usalama wa vikosi vyenyewe, yaandikwe na yasimamiwe haya. Hakuna kupanda nguzo iliyofeli nyundo au bisbisi. Hakuna kukata waya wa upande mmoja kabla nguzo haijashikiliwa kwa krini au kwa stei za muda, kwani nguzo iliyooza husimamishwa na mvutano wa nyaya zake, na ukizikata huanguka na fundi aliye juu yake. Laini izimwe, ifungwe kwa kufuli, ijaribiwe kwa kifaa ambacho nacho kimejaribiwa kabla na baada, kisha ziwekwe ethi za muda pande zote mbili za mahali pa kazi: kwanza upande wa ardhini, halafu upande wa waya, na kuzitoa ni kinyume chake. Ethi hizo ni za lazima hata baada ya kuzima, kwa sababu nyumba za ghorofa zimejaa jenereta na mitambo ya sola, na moja iliyoungwa vibaya hurudisha umeme kwenye laini iliyokufa.

Nguzo zilizong'olewa zisiachwe kando ya barabara. Zile za kijani zina aseniki, na zikichomwa, aseniki hubaki kwenye majivu na kutoka na moshi. Zisiuzwe kuwa kuni za hoteli wala za kuchomea nyama. Zihesabiwe na zirudishwe bohari.

Fomu tunayoomba ni ya ukurasa mmoja: nambari ya nguzo, mzingo wa mti mzima chini ya ardhi, unene wa ganda, hali ya kihami cha stei, mwendelezo wa waya wa ethi kutoka juu hadi chini, ukinzani kwa omu, tarehe, na picha ya shimo likiwa wazi, waya na kibano vikionekana. Malipo ya mkandarasi yafungwe na fomu hiyo. Mdhibiti achague nguzo chache kila mwezi azichimbue na kuzipima tena bila kutoa taarifa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya wadi husika. Tuko tayari kufundisha vikosi vyenu upimaji huu, na tunaomba nguzo za kwanza ziwe zile zilizo karibu na shule na vituo vya matatu, kabla ya mvua ndefu kuanza.

Wenu,

Mafundi wa laini, wakaguzi wa nguzo na wapimaji wa ethi
Nairobi